Risasi, Nyaya na Mkuki: Nani Mwindaji Halali Bondeni Rukwa?

Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko chini yake kwa takriban mita 1,000, na kati yao umesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Kimo hicho kimeigawa nyama ya porini mafungu mawili. Huku juu, Pito na vijiji vyote vya uwanda wa Ufipa, ardhi imeshikwa na mahindi, maharage, ngano na ulezi; mnyama aliyebaki ni mdogo: kwale, sungura, ndezi, nungunungu, na mbega wekundu waliojibana ndani ya msitu wa Mbizi. Kule bondeni, na zaidi kuelekea Katavi, wapo nyati, pofu, nyamera, sheshe, simba na tembo. Mtu wa Pito anayetaka nyamapori ama ateremke mwenyewe, ama asubiri ile iliyobanikwa na kupandishwa usiku.

Anayeteremka hakuti pori lisilo na mwenyewe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ardhi yenyewe imekatwa vipande vyenye majina tofauti: Hifadhi ya Taifa Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na ambamo hakuna kuwinda kabisa, mapori ya akiba kama Lwafi, Uwanda na Rukwa-Lukwati, misitu ya hifadhi, na maeneo ya wazi yanayopakana na mashamba ya vijiji. Simba hajui mipaka hiyo. Anazaliwa hifadhini, anavuka kuingia kitalu cha uwindaji, na usiku wa pili yuko karibu na zizi la ng'ombe.

Katika ardhi hii wanakutana wawindaji wa namna nne. Wa kwanza ni mgeni wa kitalu, aliyetoka Marekani au Ulaya na bunduki yake ya darubini, akiongozwa na mwindaji bingwa na wafuatiliaji nyayo. Wa pili ni mwenyeji mwenye kibali, mara nyingi mtu wa mjini mwenye gari na silaha iliyosajiliwa. Wa tatu ni mwanakijiji mwenye gobore, mbwa na nyaya. Wa nne ni kijana wa jamii ya wafugaji anayemfuata simba kwa mkuki na mishale, halafu hucheza ngoma ya ushindi nyumba hadi nyumba. Kila mmoja ana neno juu ya mwenzake. Mgeni analalamika kwamba nyaya zinamuulia nyara aliyoilipia. Mwenyeji analalamika kwamba vitalu vyote vizuri vimekwenda kwa wageni. Mwanakijiji anauliza kwa nini mnyama akiuawa na risasi ya kigeni aitwe mapato, na akiuawa na gobore aitwe ujangili.

Swali la huyu wa tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu lake lina historia ndefu kuliko Sheria ya 2009. Naamini hatuwezi kuamua ugomvi wa wawindaji hawa mpaka tuone kwamba tofauti ya zana zao, ambayo leo tunaichukulia kama tofauti ya tabia, kwa sehemu kubwa ilitengenezwa na sheria yenyewe.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kwa sababu ya biashara ya utumwa, lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha vilivyohusu Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Ufipa imo. Bunduki za kisasa za kujaziwa risasi kwa nyuma zilizuiwa zisiwafikie Waafrika. Kilichoweza kuruhusiwa ni bunduki ya gumegume isiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Gobore lilibaki mikononi mwa wanavijiji kwa sababu ndiyo silaha waliyoachiwa. Mtutu wa aina hiyo hupiga karibu, hujazwa polepole, na risasi yake hupotea njia. Mnyama akijeruhiwa hukimbia akafie mbali. Wakoloni walipoandika baadaye kwamba mwenyeji hajui kuwinda kwa usafi, walikuwa wakiilaumu zana ambayo serikali zao wenyewe zilimwachia.

Hatua ya pili ilikuja London, Mei 1900, katika mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Haukupata kuanza kazi kikamilifu, ila ulitoa mfano: leseni kwa mwenye bunduki, na vizuizi kwa nyavu na mashimo ya mtego. Mkataba wa pili wa London, wa Novemba 1933, ulikwenda mbali zaidi. Uliorodhesha njia za kupigwa marufuku kadiri iwezekanavyo: kuwazingira wanyama kwa moto, sumu na silaha zenye sumu, taa za kuwapumbaza usiku, nyavu, mashimo, maboma, matanzi na mitego ya kila aina. Kwa haki, ulikataza pia kuwinda kwa gari na ndege, na hiyo ilimhusu Mzungu. Lakini ukiipitia orodha nzima utaona kwamba karibu kila njia ambayo kijiji kisicho na bunduki kingeweza kupatia kitoweo imo. Sheria ya Tanganyika ya 1951, ya Tanzania ya 1974 na hii ya 2009 zimerithi mkondo huo. Leo bila kibali maalumu huwezi kuwinda kwa wavu, shimo, tanzi, sumu, mbwa, moto wala tochi.

Je, orodha hiyo ni ya uonevu mtupu? Hapana, na hapa natofautiana na wale wanaoitetea kila zana kwa sababu tu ni ya asili. Nyaya zinastahili marufuku yake.

Mtego wa nyaya, uliosokotwa kwa waya wa tairi lililochomwa au waya wa breki, hauna uwezo wa kuchagua. Unamkamata swala jike mwenye mimba, ndama wa nyati, fisi, chui, hata mbwa wa mtegaji mwenyewe. Unafanya kazi mchana na usiku wakati aliyeutega amelala. Mtu mmoja anaweza kutega mistari mirefu kiasi kwamba hawezi kuikagua yote kwa wakati, na nyama ikaozea hapohapo bila kuliwa na mtu. Mnyama mkubwa anaweza kuukata waya na kuondoka nao ukiwa umezama shingoni au mguuni, akafa baada ya majuma. Wala nyaya hazitoki kwa mababu. Babu alitega kwa kamba za magome au za ngozi, zilizooza na kukatika baada ya muda. Waya wa chuma unabaki porini miaka, ukiendelea kuua hata aliyeutega akiwa amekwishahama kijiji.

Wavu na mbwa ni habari nyingine. Uwindaji wa wavu unataka watu wengi, wanaokwenda pamoja, wanaorudi pamoja na kugawana mbele ya macho ya kila mmoja. Mnyama aliyenaswa wavuni bado yu hai, na wawindaji wamesimama pale; anaweza kuachwa. Mbwa wanafaa kwa ngiri na nungunungu, wale wanaomaliza mihogo na mahindi. Sheria inapoweka wavu, mbwa na waya katika kapu moja, inamwambia mwanakijiji kwamba adhabu ni ileile atumie njia yoyote. Naye, akiwa mtu wa hesabu kama wengine, atachagua ile isiyo na kelele, isiyohitaji wenzake, inayoficha uso wake. Marufuku ya jumla imezisaidia nyaya kushinda zana nyingine zote.

Na bunduki ya darubini? Watetezi wa uwindaji wa kitalii wanasema ndiyo njia safi: mnyama mmoja anachaguliwa, dume mzee, anapigwa mara moja, analipiwa kwa dola, na sehemu ya mapato ya uwindaji inarudi kwenye halmashauri za wilaya. Kuna ukweli mkubwa ndani yake. Kitalu chenye kampuni makini kina doria, na pori linalolipa kodi ni gumu kuligeuza shamba. Nisingependa kuona vitalu vya Rukwa vikifungwa leo kwa sababu tu watu wa Ulaya wamekasirishwa na picha ya mtu aliyesimama juu ya mzoga.

Lakini usafi wa risasi umepimwa, na matokeo hayakuwa mazuri. Mwaka 2011 Craig Packer, mtafiti wa simba wa Serengeti kwa miongo mingi, na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za uwindaji wa Tanzania. Idadi ya simba waliowindwa ilishuka kwa nusu kati ya 1996 na 2008, na ilishuka zaidi pale palipowindwa sana. Sababu yake iko katika ukoo wa simba. Dume anayetawala akiuawa, madume wageni huingia na kuua watoto wa mtangulizi wao. Risasi moja ikimpata dume kijana mwenye watoto wadogo, inaua kizazi. Watafiti walipendekeza asiwindwe zaidi ya simba mmoja kwa mwaka kwa kila kilomita za mraba 2,000 nje ya Selous, na awe amefika angalau miaka sita. Tanzania iliupokea msingi wa umri: mwindaji akileta simba mchanga, kampuni inaadhibiwa. Ni kanuni nzuri, na imekuja kwa sababu iligundulika kwamba zana yenye uwezo wa kuchagua inaweza kuchagua vibaya kwa miaka mingi mfululizo.

Chambo nacho kinasema jambo. Chui wa kitalii kwa kawaida hupatikana kwa kutundika mzoga mtini na kumngojea kwenye maficho. Kisheria chambo ni njia inayohitaji ruhusa, na kampuni inaipata. Mwanakijiji, kwa vitendo, hana dirisha kama hilo kwa wavu wake. Kumbe sheria inajua kuzitazama njia moja moja na kuziwekea masharti. Imechagua tu ni nani wa kumtazama hivyo.

Mwindaji wa nne ndiye aliyechunguzwa vizuri zaidi katika ukanda huu, na nitakaa kwake kidogo. Wafugaji wa Kisukuma walianza kuingia bonde la Rukwa na ukanda wa Mpimbwe kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, wakifuata malisho. Walikuja na desturi ya kumheshimu anayemuua simba aliyeshambulia mifugo. Kijana hujipamba, hucheza, hupita kwa ndugu na majirani, nao humtunza kwa fedha au ng'ombe. Desturi hiyo ina akili ndani yake, kwa kuwa kupambana na simba ni hatari na jamii nzima inafaidika. Tatizo lilianza tuzo ilipokuwa kubwa kuliko hasara. Emily Fitzherbert, Tim Caro, Monique Borgerhoff Mulder na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walionyesha kwamba walipizaji kisasi walikuwa wamegeuka wawindaji: simba wasiogusa ng'ombe wa mtu walifuatwa porini, wakauawa, na ngoma ikachezwa mbali na kijiji cha mwuaji, mahali ambapo hakuna mtu wa kuhoji kama ng'ombe alikufa kweli.

Hapo mgongano na kitalu ukawa wa moja kwa moja. Simba yuleyule alikuwa na bei mbili: dola kwenye leseni ya mgeni, ng'ombe kwenye ngoma ya kijana. Askari wanyamapori peke yao wasingeweza kuuzima mchezo ule, kwa sababu pori ni kubwa na mkuki hausikiki. Kilichofanya kazi ni mazungumzo. Mradi wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ulikaa na wazee na viongozi wa vijiji. Wasukuma wenyewe hawakufurahia kudaiwa zawadi na vijana wasiowafahamu. Vijiji vikaweka sheria ndogo za kuzuia kumtunza mchezaji asiyeweza kuthibitisha kwamba simba wake alishambulia mifugo. Mkuki haukuchukuliwa kwa mtu yeyote. Waliobadilika ni watoa zawadi, na wachezaji wakapungua.

Mfano huu ni wa hapahapa kwetu, na unatufaa kuliko miongozo mingi iliyoandikwa Dar es Salaam.

Ulinganishe na kilichotokea nje ya Tsavo, Kenya. Waata, ambao majirani waliwaita Waliangulu, walikuwa wapiga upinde hodari, wakimwangusha tembo kwa mshale wenye sumu. Mwaka 1956 na 1957 maofisa wa hifadhi, David Sheldrick na Bill Woodley miongoni mwao, waliendesha kampeni kali iliyowapeleka wengi wao gerezani na kuuvunja uwindaji wao. Baadhi ya maofisa hawakulala vizuri na matokeo hayo. Mwaka 1960 Ian Parker akaanzisha mradi wa Galana, kando ya hifadhi, kwa wazo zuri: Waata waishi kwa tembo kihalali. Waliajiriwa, ila uwindaji haukuwa tena wao. Wakawa wafanyakazi wa mradi wa watu wengine, na ardhi hatimaye ikageuka ranchi. Mwaka 1977 Kenya ilifunga uwindaji wote. Upinde ulikwisha, lakini tembo wa Tsavo waliendelea kuuawa kwa maelfu katika miaka ya 1970 na 1980, safari hii kwa bunduki za kisasa mikononi mwa watu wasiokuwa na pori lolote la kurithisha.

Hapa nchini, Wahadza wa bonde la Yaeda waliokoka kwa sababu walisikika. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na ukoo wa watawala wa Falme za Kiarabu ilipewa nafasi katika eneo wanalowinda kwa upinde. Makelele yakawa makubwa, ndani na nje ya nchi, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikajitoa. Miaka minne baadaye, 2011, Wahadza walipata hati ya pamoja ya haki miliki ya kimila juu ya zaidi ya hekta 20,000. Zana zao zinavumiliwa kwa sababu ulimwengu unawatambua kama watu wa kuwinda. Mtu wa Mpimbwe mwenye gobore, au Mfipa aliyeteremka bondeni na mbwa wawili, hana mtetezi wa namna hiyo. Yeye analima pia, na mkulima anayewinda haingii kwenye picha ya mtu yeyote.

Kutomtambua huko kulileta madhara mwaka 2013. Tembo wa Tanzania walikuwa wakimalizwa: kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Serikali ilikuwa na kila sababu ya kuchukua hatua, na Oktoba 2013 ikaanzisha Operesheni Tokomeza. Kabla ya majuma mengi ikasitishwa, kwa taarifa za mateso, vifo, na mifugo iliyopigwa risasi. Tarehe 20 Desemba, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, mawaziri wanne waliondoka madarakani. Operesheni ile ilitumia neno moja, jangili, kwa mwenye bunduki ya kivita anayefuata pembe na kwa mwenye gobore la kitoweo. Ukiwapiga wote kwa rungu moja, yule wa pili hawezi kukupa habari za yule wa kwanza, ingawa anajua njia aliyopitia.

Kuna kitu kingine kinachounganisha wawindaji hawa hata pale wanapofuata wanyama tofauti. Desmond Vesey-FitzGerald, aliyefanya kazi katika udhibiti wa nzige wekundu, alichapisha mwaka 1960 uchunguzi wake wa malisho ya bonde la Rukwa. Aliona wanyama wakila kwa zamu: tembo na nyati wanaingia kwenye nyasi ndefu, wanazikanyaga na kuzipunguza, ndipo nyamera na sheshe wanapata majani mafupi wanayoyaweza. Sheshe nchini mwetu hana makao mengi. Bonde la Rukwa na Kilombero ndiyo maskani yake makuu. Nyati akimalizwa na mwenye leseni, sheshe wa mwenye nyaya naye anakosa njia ya kula. Ng'ombe wakijazana ukingoni mwa ziwa, wote wanakosa.

Basi nini kifanyike? Kwanza, vyombo vinavyotunga kanuni vitenganishe makosa. Nyaya za chuma na sumu zibaki marufuku bila mazungumzo, pamoja na gari na tochi za usiku, ambazo zinatumiwa na watu wa mjini kuliko wa kijijini. Wavu na mbwa kwa wanyama waharibifu na wadogo vingeweza kuruhusiwa kwa kibali cha kijiji, kwa msimu, kwa kikundi kinachojulikana.

Pili, kibali cha mwenyeji kimfikie mwenyeji. Leo kinadai silaha yenye leseni, nguvu ya risasi inayolingana na mnyama, na kwa vitendo gari la kufika porini na kutoka. Masharti hayo yana sababu, lakini yanamchuja mtu wa bondeni na kumpitisha mfanyabiashara wa Sumbawanga. Kikundi cha kijiji kingeweza kumiliki bunduki moja nzuri kwa pamoja, ikatunzwa mahali palipokubaliwa na polisi, na kupewa mgawo wake wa wanyama. Serengeti magharibi walijaribu kuvuna nyama kwa ajili ya vijiji katika miaka ya 1990, na utafiti uliochapishwa 2002 ulionyesha hesabu haikulipa: magari na watumishi walikula zaidi ya thamani ya nyama. Somo ninaloliona pale ni kwamba uwindaji wa kijiji ufanywe na wanakijiji, kwa miguu yao, karibu na kwao. Ukipandishwa kwenye gari la mradi, nyama inakuwa ghali kuliko ile ya nyaya, na nyaya zinashinda.

Tatu ni mnunuzi, na hapa lawama inapanda mlima hadi kwetu. Ngoma ya simba ilipungua pale watoa zawadi walipofunga mkono. Nyaya nazo zina watoa zawadi wao: sisi tunaokaa mjini na pembezoni, Pito ikiwemo, tunaonunua kifurushi kilichobanikwa bila kuuliza kilinaswa wapi. Tangu 2020 kuna kanuni zinazoruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Zikiuza nyama ya vitalu na mashamba ya wanyama peke yake, hazitabadilisha lolote bondeni. Bucha ya Sumbawanga ikichukua nyama ya mgawo wa vijiji, yenye muhuri na jina la kijiji kilichowinda, mwenye gobore atapata mnunuzi wa mchana, na askari wa doria atabaki na kazi ya kumtafuta mwenye waya.